Tope likigoma kuzama usikimbilie klorini

Kuna simu moja nikiipokea saa kumi na moja alfajiri najua kabisa siku imeharibika. Ni ya mlinzi wa zamu ya usiku. Hata salamu anairuka, anasema tu, "Fundi, yale maji yako leo yamekuwa uji." Yale maji yako! Yakiwa masafi ni ya hoteli, yanamwagilia bustani na bosi anawapitisha wageni kuyaangalia, yakiwa uji ni yangu.

Hii kazi ya mitambo ya majitaka nipo nayo mwaka wa kumi na mbili sasa. Nilianzia Dar kwenye jengo moja la maofisi, sa hivi niko Zanzibar upande wa mashariki kwenye hoteli ya ufukweni ambayo siitaji jina mana mshahara bado nauhitaji. Mafundi wenzangu wananipigia sana na swali huwa ni lile lile, tope halizami kaka, niweke klorini kiasi gani? Sasa nimechoka kujibu kwa simu huku niko juu ya ngazi, nimeamua niandike yote nilivyoyapata, pamoja na la kwangu la aibu, ili mtu akiuliza tena nimtumie asome.

Kwa ambao hawajawahi kuuona huu mtambo: hakuna muujiza pale. Ni tangi la hewa, blowa inapuliza toka chini kama sufuria inavyochemka, na mle ndani kuna tope la kahawia ambalo ukweli wake ni mabilioni ya bakteria wameshikana vibonge vibonge wanakula uchafu. Kutoka hapo maji yanaingia tangi la pili lililotulia, sisi tunaita klarifaya, tope linazama, maji safi yanafurika juu, na tope linarudishwa na pampu kwenda kula tena. Huo mchezo wa kulirudisha tope ndo ugunduzi wenyewe. Mwaka 1914 jamaa wawili wa Manchester, Edward Ardern na William Lockett, walikuwa wanapuliza hewa kwenye majitaka ndani ya machupa pale mtambo wa Davyhulme, na mara ya kwanza iliwachukua kama wiki tano mpaka amonia yote iishe. Maji yakishakuwa safi wakawa wanayamwaga lakini lile tope la chini hawalitupi, wanajazia majitaka mapya juu yake wanapuliza tena, na tena, kila raundi muda unapungua mpaka ikawa ni masaa tu. Kabla yao watu walikuwa wanapuliza hewa halafu tope wanalitupa, yaani wanafukuza wafanyakazi kila jioni halafu asubuhi wanashangaa mbona kazi haiendi.

Kwahiyo kula, bakteria watakula, hiyo usiwe na wasiwasi sana. Shida inaanzia kwenye kuzama. Bakteria wakila vizuri wakashindwa kuzama wanatoka na maji, na ukipeleka maabara yale maji ni uchafu tu kama uliingia, kiwango cha TBS cha BOD, yaani oksijeni ambayo bakteria wanaihitaji kuula uchafu uliobaki kwenye maji, ni miligramu 30 kwa lita na wewe una mia na kitu, uanze kujieleza.

Na hapa ndo watu wengi wanapotea, hata mimi nilipotea: tope linaloelea lina magonjwa mawili tofauti kabisa ambayo ukiyaangalia kwa juu yanafanana kama mapacha.

Nianze na Dar. Lile jengo lilikuwa la maofisi ghorofa nyingi, watu wanakuja asubuhi wanaondoka jioni, hawaogi pale, hawapiki pale, wanachofanya ni kunywa chai na kukojoa. Yaani majitaka ya ofisi ni mkojo mtupu. Mkojo una yurea, yurea inageuka amonia, na kwenye tangi lenye hewa kuna bakteria wanaoibadilisha amonia kuwa naitraiti halafu naitreti. Mashuleni tulifundishwa Nitrosomonas anafanya hatua ya kwanza na Nitrobacter ya pili, siku hizi imeonekana kwenye mitambo mingi mwenye kazi kubwa kwenye hatua ya pili ni Nitrospira, na 2015 ikatangazwa kuna aina ya Nitrospira inafanya hatua zote mbili peke yake. Hawa jamaa wanakua taratibu mno ukilinganisha na wale wala uchafu, wanataka hewa nyingi, karibu gramu 4.6 za oksijeni kwa kila gramu moja ya naitrojeni, na wanakula alkali ya maji, gramu 7.14 kwa gramu moja. Ile alkali ndo inayozuia maji yasiwe na asidi. Sasa amonia ikiwa nyingi kama pale kwetu, alkali inaisha, pH inaporomoka, mimi nilishaikuta 5.8, na hapo wale wadudu wenyewe wanajifia kwa asidi waliyoitengeneza. Tukawa tunanunua magadi, gunia kwa gunia, tunamimina kwenye tangi. Magadi yale yale ya kulainishia maharage.

Siku moja naenda klarifaya nakuta tope limepanda juu lote, mabonge mabonge ya kahawia yanaelea kama maandazi kwenye mafuta. Msimamizi wa jengo akasema bakteria wabaya wamezaliana, weka klorini. Nilikuwa kijana, sikuuliza kiasi gani, nilichukua ile klorini ya unga ya 65% ya swimingi puli nikapima kwa macho, kama kilo kumi hivi, nikaitia yote kwenye tangi la hewa kwa mkupuo mmoja nikaenda nyumbani nikiwa najiona daktari.

Hesabu yake nilikuja kuipiga miaka baadaye na bado inanitia aibu. Tangi lilikuwa la mita za ujazo 60, tope gramu 4 kwa lita, kwahiyo mle ndani mlikuwa na kilo 240 za tope, na robo tatu yake, kilo 180, ndo viumbe wenyewe. Kilo kumi za ile dawa zina klorini halisi kilo sita na nusu. Gawanya, unapata gramu 36 kwa kila kilo ya viumbe. Dozi ya kuanzia ya kutibu tope ni gramu 2 au 3 kwa kilo kwa siku! Niliwapa mara kumi na mbili. Kesho yake maji yalikuwa meupe kama umeoshea mchele, harufu ya mkojo ikarudi, wale bakteria wa amonia wakawa wamekufa karibu wote, na kwa vile wanakua taratibu ilichukua zaidi ya mwezi mpaka amonia ikashuka tena.

Na amonia iliposhuka, tope likarudi kuelea vile vile.

Hapo ndo alipokuja mzee mmoja mstaafu, alishafanya kazi ya maji miaka na miaka, aliletwa tu na mtu anamjua mtu. Hakuangalia klarifaya wala nini. Alisema, "Mwanangu, nipe jagi la kupimia la lita moja." Akachota toka tangi la hewa, akaliweka kivulini juu ya ukuta, akatazama saa. Nusu saa ikapita, tope likawa limezama vizuri sana, limekaa kwenye alama ya mililita 350, juu maji meupe unaona vidole vyako upande wa pili. Nikamwambia mzee mbona linazama? Akasema usiliguse, tukanywe chai kwanza. Tumerudi baada ya saa nzima na ushee, jagi lile lile, tope lote limenyanyuka liko juu kama keki, chini maji. Mzee akaokota kijiti akalichoma. Vipovu vikatoka vingi vidogo vidogo, na tope likashuka chini taratibu kama mtu anayekaa kwenye kochi.

Akaniuliza, "Sasa hapo unamuua nani?"

Ile ilikuwa ni gesi ya naitrojeni. Amonia yetu ikishageuka naitreti inaenda nayo klarifaya, kule chini kwenye tope lililolala hakuna oksijeni, bakteria wanaanza kupumua kwa naitreti badala ya oksijeni, wanatoa naitrojeni, vipovu vinajishika kwenye tope na kulinyanyua kama puto. Tope lilikuwa zima kabisa. Ukichukua 350 ukazidisha kwa elfu ukagawa kwa zile miligramu 4,000 za tope kwenye lita unapata 88, na chochote chini ya 150 ni tope la kupendeza. Mimi nilikuwa nimempiga risasi mgonjwa wa gesi tumboni.

Dawa yake ilikuwa nini sasa? Kwanza pampu ya kurudisha tope tuliongeza spidi, lisilale chini muda mrefu likaanza kuchacha. Pili, na hii ndo tamu, kama bakteria wanataka kupumua naitreti basi wapumue kule kule kwenye tangi la hewa ambako wakitoa gesi inaenda zake juu na haimsumbui mtu. Tukafunga taima kwenye blowa, inawaka saa nzima inazima dakika arobaini, tukatupia pampu ndogo ya chini ya maji iwe inazungusha tope wakati blowa imelala ili lisitue. Na tukapanga majitaka mapya yaingie zaidi wakati hewa imezimwa, kwa sababu kula naitreti kunahitaji na chakula pembeni, na ofisini chakula ni kidogo. Hatukuimaliza naitreti, lakini ilishuka kama nusu, na zawadi yake ni kwamba kila naitreti inayoliwa inarudisha karibu nusu ya alkali iliyotumika kuitengeneza, kwahiyo magunia ya magadi yakapungua, na luku nayo ikapungua kwa sababu blowa ndo mla umeme mkubwa. Msimamizi wa jengo alifurahia luku tu, mengine hakutaka kuelezwa.

Haya, Zanzibar sasa. Huku ndo nilikutana na ugonjwa wa pili, wenyewe hasa.

Ilikuwa Februari, hoteli imejaa, mlinzi kapiga ile simu yake. Nafika na jagi langu (siku hizi silali mbali nalo), nachota, naweka, nangoja. Dakika tano, tope 990. Dakika kumi, 980. Nusu saa, 940! Yaani halijazama, limekaa tu mle kama pamba iliyolowa, na kale kamaji kadogo pale juu kakawa safi ajabu, kang'aavu kuliko siku zote. Hiyo ni dalili ya kuikariri: tope limevimba lakini maji ya juu ni masafi mno, mana nyuzi zinachuja kila kitu kama wavu. Tope lilikuwa miligramu 3,000, kwahiyo ile hesabu inatoa 313. Nikalichoma na kijiti, hakuna kipovu hata kimoja. Nikajua hapa si gesi, hapa kuna nyuzi.

Nyuzi ni bakteria wanaoungana mkia kwa kichwa kuwa uzi mrefu. Wachache wanahitajika, ndo kama nondo kwenye zege, kibonge bila nyuzi kinabomoka. Wakizidi wanachomoza nje ya vibonge, kibonge hiki kinashikwa na uzi wa kile, havikaribiani, haviwezi kushonana vikazama. Ni kama kujaribu kupanga matawi ya miba kwenye gari badala ya magunia.

Bosi, nadhani mnajua alisema nini. Klorini. Na kulikuwa na jamaa mwingine tayari kashampigia anauza unga wa bakteria kwenye ndoo, unamwaga tu tope linapona, bei ya ndoo moja ukiisikia unakaa chini. Sina ugomvi na mfanyabiashara ila jiulize, tangi lina mamia ya kilo za bakteria waliozoea mazingira hayo, wewe unaleta kilo mbili za wageni, mazingira ni yale yale yaliyowapendelea nyuzi, nani atashinda?

Nikaomba siku mbili. Nina dada mmoja anafanya maabara ya hospitali, nikamchotea tope kwenye kichupa nikavuka nalo kwenye daladala limefungwa mifuko mitatu, akanipa hadubini baada ya saa za kazi. Tone moja, kioo juu, tukaangalia. Kwanza ukaona vile vidude vya kengele, Vorticella, vimejishika kwenye vibonge kwa mkia, ukigusa meza vinajikunja ghafla kama springi halafu vinajinyoosha taratibu, dada akacheka sana, akasema kazi yako kumbe ina burudani. Kuwaona wale ni habari njema, inamaanisha hakuna sumu. Halafu nyuzi. Ndefu, zimenyooka, zimetoka pande zote kama nywele zisizochanwa, na ndani ya nyuzi tukaona punje punje zinang'aa, zimepangana kama shanga.

Zile shanga ni salfa. Na nyuzi zinazoweka salfa tumboni, nikazisoma, wanaotajwa zaidi ni Thiothrix na ile wanayoiita aina 021N. Hizi namba zimetoka kwa Mholanzi mmoja, Eikelboom, ambaye mwaka 1975 alizipanga nyuzi kwa maumbo yake hata kabla majina hayajapatikana, na faida ya kuzijua ni moja tu, kila uzi una kitu anachokipenda na akizidi anakuambia mtambo wako unaumwa wapi. Sphaerotilus na aina 1701 wakijaa, hewa haitoshi. Aina 0041 na 0092, chakula ni kidogo kwa tope ulilonalo, yaani umefuga wengi kuliko ugali. 021N na Thiothrix wanakuja pia kwenye maji ya viwandani ambako naitrojeni na fosforasi ni pungufu, mana tope linataka kama 5 za naitrojeni na 1 ya fosforasi kwa kila 100 za BOD. Lakini hotelini kuna mkojo wa kutosha, upungufu haupo. Iliyobaki ni salfaidi. Ile harufu ya yai viza.

Sasa salfaidi ya nini pwani? Nikarudi naifuata harufu kwa pua kama paka. Ikanipeleka tangi la mbele kabisa, lile la kukusanyia majitaka kabla hayajaingia kwenye mtambo. Nikafunua mfuniko, machozi yakanitoka. Mikisa ya tangi lile, yaani mashine ya kukoroga, motor yake iliungua toka Desemba, nilishaandika karatasi ya spea, karatasi ikalala kwenye droo ya mtu kwa sababu ni msimu na hela ziende kwenye taulo na mashuka. Miezi miwili majitaka yanalala mle yanachacha. Na vyoo vya hoteli vinasukumwa na maji ya kisima, kisima chenyewe kimekaribiana na bahari, maji yana chumvi. Maji ya bahari yana salfeti kama miligramu 2,700 kwa lita, hata yakiingia kidogo tu kisimani unakuwa na salfeti nyingi kuliko mji wa bara. Majitaka yakikosa hewa kuna bakteria wanapumua hiyo salfeti wanatoa salfaidi, salfaidi inaingia tangi la hewa, Thiothrix anaambiwa karibu mezani. Ndo mnyororo wote huo, umeanzia kwenye motor ya mikisa na kisima cha chumvi.

Klorini nilitumia, nisiwadanganye. Lakini kama panado ya kushusha homa huku unatibu malaria. Tangi letu ni mita za ujazo 200, tope kilo 600, viumbe kilo 450, gramu 3 kwa kilo inakuja kilo 1.35 za klorini kwa siku, ambayo ni kama kilo 2.1 za ule unga wa 65%. Niliuyeyusha kwenye pipa nikawa nadondosha kwenye bomba la kurudisha tope, kidogo kidogo masaa yote ishirini na nne. Bomba la kurudisha kwa sababu pale tope linapita lote, limebana, na linakorogeka. Nyuzi zimechomoza nje ya kibonge kwahiyo ndo zinakutana na sumu kwanza, walioko ndani wamejikinga. Ukizidisha ndo unawafikia na wale wa ndani, kama mimi nilivyofanya Dar. Kila siku jagi, kila siku ya pili kichupa kwa dada. Siku ya nne nyuzi zikaanza kuonekana zimekatika katika, zingine zimebaki ganda tupu halina shanga, kengele zetu bado zinacheza. Siku ya tisa jagi lilisoma 520, nikafunga pipa. Ukingoja mpaka tope liwe zuri kabisa ndo usimamishe, umeshachelewa, zile nyuzi zilizokufa bado ziko mle mpaka uzitoe na tope la ziada.

Mikisa ilinunuliwa siku hiyo hiyo bosi alipoiona jagi la 940. Miezi miwili ya karatasi haikufanya kitu, jagi likafanya.

Kitu kingine tulichofanya, kulikuwa na chemba ndogo ya zege mbele ya tangi la hewa haitumiki, tukaielekeza pale majitaka mapya yakutane na tope lililorudi kabla ya kwenda kwenye tangi kubwa. Fikiria shughuli ambayo pilau linaletwa sinia zima kwa mpigo, wenye mikono mipesi wanashiba wao, lakini likiletwa kijiko kijiko wale warefu wembamba waliosimama pembeni wanafikia kila tonge. Bakteria wa vibonge ni wa sinia, nyuzi ni wa kijiko. Tangi kubwa ambalo chakula kimetawanyika ni sherehe ya nyuzi. Ukitengeneza kona ndogo ambayo chakula kimejaa, vibonge vinakula na kuweka akiba, wakifika tangi kubwa nyuzi wanakuta masufuria yameoshwa. Chudoba na wenzake kule iliyokuwa Chekoslovakia waliionyesha hii miaka ya sabini na mpaka leo ni dawa ya kweli kuliko klorini.

Watu wa bara huwa wananiuliza na fosforasi vipi. Mimi ni mtoto wa Mwanza, nimekua kipindi gugumaji limefunga ziwa, miaka ya tisini, unaona kijani tupu mpaka mbali, mitumbwi haipiti, mzee wangu anarudi na nyavu zimejaa mizizi. Baadaye waliletwa wadudu wa kulila likapungua, ila linarudi rudi. Lile gugu halikushushwa na shetani, lilikuwa linakula virutubisho vinavyoingia ziwani toka mashambani, kwenye udongo unaomomonyoka, na kwenye miji yetu. Gramu moja tu ya fosforasi inaweza kuotesha zaidi ya gramu 100 za mwani mkavu. Ndo maana ukiwa kandokando ya ziwa kazana na fosforasi, ukiwa baharini kama mimi mara nyingi naitrojeni ndo inayobana, ndo maana hotelini taima ya blowa naihangaikia kuliko kitu kingine, mbele yetu pale kuna matumbawe na kina mama wana mashamba yao ya mwani.

Njia ya bakteria ya kutoa fosforasi ipo, na mzizi wake mkubwa uko hapa hapa Afrika. James Barnard, Afrika Kusini, mwanzoni mwa miaka ya sabini alikuwa Pretoria anatafuta njia ya kutoa naitrojeni akaona na fosforasi nayo inapotea. Ikaja kuonekana ukiwanyima bakteria fulani oksijeni na naitreti kwanza huku unawapa chakula, wanatema fosforasi, halafu ukiwapeleka kwenye hewa wanaimeza kwa pupa kuliko walivyotema, ukitoa tope la ziada umeitoa nayo. Mtambo ukaitwa Bardenpho, jina lake Barnard limo mle ndani, na 2011 Singapore wakampa tuzo ya maji ya Lee Kuan Yew. Mimi sijaweza kuifanya hotelini. Naitreti kidogo ikirudi kwenye lile tangi lisilo na hewa mchezo umekwisha, na joto letu la digrii 29, 30 linawapendelea wale wengine wanaokula chakula kile kile ila fosforasi hawaigusi, wazamiaji wa harusini. Kwahiyo natumia shabu. Ndiyo, shabu ile ile bibi alikuwa anazungusha kwenye ndoo ya maji ya ziwa tope linakaa chini. Aluminiamu yake inaishika fosforasi inazama nayo. Inaongeza tope na inakula alkali, haya, hakuna cha bure.

Povu nalo niseme kidogo. Povu jeupe jepesi kwenye mtambo mpya usilihofie, tope bado changa. Povu la kahawia zito, unaweza kuandikia jina juu yake na likabaki, hilo ni la nyuzi nyingine kabisa, ukoo wa Nocardia na Gordonia, fupi zenye matawi, zinapenda mafuta na zinapenda joto, zimevaa kama nta mwilini ndo maana zinapanda na vipovu. Klorini kwenye bomba la kurudisha haizigusi mana zenyewe ziko juu zinaelea. Likwangue litoke nje ya mtambo, usilirudishe mwanzo, halafu nenda jikoni kafungue chemba ya kunasia mafuta. Mpishi wetu mkuu na mimi tulikuwa hatuongei mwezi mzima kwa ajili ya ile chemba. Anasema inanuka, ataisafisha usiku, usiku hasafishi.

Mlinzi nimemfundisha jagi. Ilichukua jioni mbili, sasa hivi kila alfajiri anachota mwenyewe, anaweka simu yake dakika thelathini, anapiga picha anatuma wasap. Ya leo ilisoma 380, na chini kaandika, "Maji yetu leo masafi fundi." Yetu! Nimeizumu ile picha nione mstari vizuri, na pale juu kabisa, kwenye ukingo wa jagi, kuna kapovu ka kahawia kameganda kwenye kioo. Naanzia jikoni.